Goti la Mustafa na Kiti cha Adabu

Mustafa wa Musanda alikuwa mtu wa kubeba watu. Wako waliojulikana kwa mashamba yao ya miwa, wako waliojulikana kwa wake wengi, na wako waliojulikana kwa kelele tu. Yeye alijulikana kwa keria ya baiskeli yake, iliyofungwa mto wa sponji aliouvika mkewe Hadijah kitambaa cha maua na kuushonea marinda pembeni. Miaka hiyo ya tisini bodaboda ilikuwa baiskeli, si pikipiki, na ukitaka kutoka Musanda kwenda Mumias mjini bila kuchafua viatu, ulimtafuta Mustafa. Alikuwa hatukani, hateremki mlima kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, na akifika kwenye kilima kinachopanda kutoka mtoni hakumwambia abiria ashuke atembee. Wenzake wote waliwashusha abiria pale. Mustafa alisema mtu aliyelipa nauli hafai hata kujua kwamba kuna kilima.

Majigambo hayo yaliishia kwenye goti la kulia.

Lilianza polepole. Lilichoma kidogo tu, upande wa mbele, nyuma ya pia ya goti, pale alipokuwa akikanyaga kwa nguvu kupanda kile kilima. Akifika juu, likanyamaza. Mustafa akadhani ni uchovu. Baadaye likawa linachoma hata kwenye barabara tambarare. Halafu likaanza kumlalamikia hata akiwa ameshateremka: akiketi kwenye kigoda kidogo na kupiga soga, wakati wa kuinuka ilimbidi ashike mwimo wa mlango na kumwita Mungu kwa majina yake yote. Mateso ya chooni mtu mzima hayasimulii, nami nitayaacha huko huko chooni.

Alificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, lakini Mustafa hakufichuliwa na kifo, alifichuliwa na msikiti. Ijumaa moja imamu aliinuka kutoka kwenye sijida, safu nzima ikainuka, Mustafa akabaki chini. Wa nyuma walifikiri amezidiwa na ucha Mungu. Kumbe goti lilikuwa limemgomea. Alimaliza swala akiwa ameketi kombo, jasho linamtiririka mgongoni, na Ijumaa iliyofuata alipoingia alikuta amewekewa kiti cha mbao kule nyuma, karibu na wazee.

"Karibu, mjukuu wangu," Mzee Abu alimwambia, yeye aliyekuwa akiswali kitini tangu nywele za Mustafa zilipokuwa bado za kuchanwa na mama yake. "Huku nyuma kunakuwanga na hewa nzuri."

Mustafa hakuwa ametimiza hata miaka arobaini. Aliketi kwenye kile kiti akiwa na aibu kama mtu aliyevuliwa kanzu mbele za watu.

Baada ya swala Mzee Abu alimshika mkono akamvuta kando. Alikuwa na maelezo. Mzee Abu hakukosa maelezo ya kitu chochote, kuanzia mvua mpaka bei ya sukari.

"Hiyo goti si ugonjwa," alisema. "Hiyo ni ya Kulthum. Wewe ulimwangusha Kulthum kwa matope, na yeye akasema maneno. Ama ulisahau?"

Mustafa hakuwa amesahau. Nani angesahau? Kulthum alikuwa mama mfanyabiashara, mkubwa wa umbo na wa sauti, aliyekuwa akipeleka mayai Mumias kila siku ya soko. Siku moja ya mvua, Mustafa akiwa amembeba na trei zake mapajani, ng'ombe alikatiza barabara. Mustafa akafunga breki, akanyoosha mguu kutafuta ardhi, mguu ukaikosa. Baiskeli ikalala, Kulthum akalala, mayai yakalala. Aliinuka kutoka matopeni akiwa njano na nyekundu, akamnyooshea kidole. "Mustafa! Mungu atakuonyesha!" Watu wote waliokuwa kwenye kibanda cha chai walisikia.

Mtu asiyejua desturi ya waendesha baiskeli wa kule ni lazima aelezwe hapa. Mwanamke wa Musanda akifika stendi hakuangalia sura ya mwendeshaji wala kuuliza breki. Aliangalia miguu. Mwendeshaji aliyeketi kitini huku nyayo zake zote mbili zimelala chini bapa, huyo ndiye aliyepandwa. Yule aliyegusa ardhi kwa ncha ya kidole cha mguu alibaki akipiga miayo. Kiti kilichoshushwa mpaka mwisho walikiita kiti cha adabu. Kiti kirefu kilikuwa cha vijana wa kujionyesha, na aliyepanda nyuma ya kijana wa kujionyesha alijitakia mwenyewe.

Kwa hiyo baada ya ajali ile Mustafa alimwendea fundi Lazarus, mtengenezaji wa baiskeli pale stendi, akamwambia ashushe kiti mpaka chuma kigonge chuma. Lazarus akashusha. Tangu siku hiyo Mustafa, mtu mrefu wa wastani, akawa anaendesha magoti yakipanda mpaka karibu na kifua, kama panzi aliyepewa usukani. Hakuna aliyecheka, kwa maana hakuna aliyeona kichekesho. Wote walikuwa wakiketi hivyo hivyo, ingawa si kwa kuzidi vile. Wateja wakaongezeka. Wanawake walisema Mustafa amejirudi.

Sasa, kwa maneno ya Mzee Abu, dawa ilikuwa moja: aende akaombe msamaha. Mustafa alikwenda, amevaa kofia yake nzuri, amebeba jogoo. Kulthum alimkaribisha sebuleni, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi kiti kikalia.

"Mimi? Nikulaani wewe? Hayo maneno niliyasahau kabla hata nguo haijakauka," alisema. "Mimi husemanga hivyo kwa kila mtu. Hata kwa kuku. Kunywa chai, baba, na hiyo ingokho yako utarudi nayo, watoto wakule."

Mustafa alirudi nyumbani amesamehewa kabisa, na goti likimuuma kabisa.

Baada ya hapo kila mtu akaleta yake. Penye wengi pana mengi. Jirani alileta mafuta aliyoapa kuwa ni ya chatu wa msitu wa Buyangu, ingawa yalinuka kama mafuta ya kupikia yaliyochacha. Shemeji akaleta tangawizi ya kusagwa na pilipili, afungiwe nayo usiku. Ngozi ilibabuka, lakini maumivu yalibaki mahali pake. Mwingine akashauri afunge kipande cha mpira wa ndani wa tairi kuzunguka goti. Huo ulisaidia kidogo asubuhi, na jioni mguu ulikuwa umevimba chini yake. Mustafa alizikubali dawa zote na kumshukuru kila mtu, kisha akaenda kukanyaga baiskeli yake huku ameuma meno.

Aliyechoka ni Hadijah. Hadijah alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yale machache aliyasema mara moja tu.

"Baba Swafia, kesho utaenda zahanati. Ukikataa, hiyo baiskeli nitaifungia jikoni na ufunguo nitakaa nao."

Zahanati ilikuwa na muuguzi aliyetoka upande wa Lugari, dada aitwaye Jeruto, mpole wa sauti lakini mikono yake haikuwa na mchezo. Alilikunja goti la Mustafa, akalikunjua, akaibonyeza pia ya goti kwa kidole gumba mpaka Mustafa akaruka kitandani. Akauliza kama aliwahi kuanguka. Mustafa alitaka kusimulia habari za mayai, akaona aibu, akasema hapana.

"Hakuna mfupa umevunjika, na maji hayajajaa," alisema Jeruto. "Goti limechoka kwa kukunjwa sana kwa nguvu. Lipumzishe kwanza. Jioni likiwa la moto, weka kitambaa cha maji baridi. Halafu paja lako limelegea, na paja ndilo linalobeba goti. Uwe unaketi kwenye kiti, unanyoosha mguu mbele, unaushikilia hapo kidogo, unaushusha polepole. Kila siku, asubuhi na jioni. Na tafuta namna ya kufanya kazi usilikunje sana."

"Sista, mimi kazi yangu ni baiskeli."

Jeruto akamtazama kwa huruma. "Basi wewe fikiria," alisema, akamwita mgonjwa mwingine.

Mustafa alifikiria. Lakini kwanza alipumzika, kwa sababu Hadijah kweli alikuwa amefungia baiskeli jikoni. Aliketi barazani akinyoosha mguu na kuushusha, akinyoosha na kuushusha, wakati binti yao Swafia akimwekea kitambaa cha maji ya mtungi na kumwimbia nyimbo za shule. Ajabu ya Mungu, goti likapoa. Likapoa kweli kweli. Akaweza kuchuchumaa, akaweza kuinuka bila kushika ukuta. Nyumba nzima ikafurahi. Hadijah akatoa ufunguo.

Siku ya kwanza barabarani lilinyamaza. Siku ya pili likaguna. Kabla wiki haijaisha lilikuwa limerudi na mizigo yake yote, na Mustafa akashuka katikati ya kilima cha mtoni, akamwomba abiria wake atembee, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Abiria hakusema kitu. Hata walipofika juu hakusema kitu, na ukimya ule ulimuuma Mustafa kuliko goti lenyewe.

Jioni ile alimwambia mkewe, "Mama Swafia, ni kazi. Si laana, si baridi. Nikiacha kazi inapona, nikirudi inarudi. Baiskeli ndiyo ugonjwa."

Hadijah alikuwa akichambua kunde. Hakuinua uso. "Kaka yangu Anwar alisema Mumias kuna duka linatafuta mtu wa kulinda," alisema. "Mtu anakaa tu kwa kiti."

"Mtu anakaa tu kwa kiti," Mustafa alirudia, na machozi yakamtoka. Hakuyaficha. Alikuwa ameona kiti cha msikitini, sasa anaonyeshwa kiti cha mlangoni mwa duka, na baada ya viti viwili hivyo aliona hakuna kilichobaki ila jeneza. Shamba la baba lilikuwa limegawanywa na ndugu mpaka likawa ukanda wa miwa usiotosha kugeuzia jembe, na kukata miwa ni kuinama na kuchuchumaa kutwa, kazi ambayo hata goti zima hulia. Baiskeli ilikuwa jina lake. Ukiuliza Musanda habari za Mustafa, waliuliza: Mustafa wa baiskeli? Bila baiskeli angekuwa Mustafa gani?

Hata hivyo alitangaza kuiuza. Mtu hawezi kushindana na mguu wake mwenyewe.

Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa Mwalimu Sifuna, kijana wa Kibukusu aliyehamishiwa shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya mto, mrefu kama mkalatusi, na kila asubuhi alitembea mwendo wa saa nzima kwenda kazini. Walikutana kwa fundi Lazarus. Mwalimu aliizunguka baiskeli, akapiga kengele, akazungusha gurudumu na kusikiliza. Kisha akakitazama kiti na kucheka.

"Hapa pataketi mtoto wa chekechea, bwana Mustafa. Fundi, nipandishie, nijaribu."

Lazarus akachukua spana, akavuta kiti juu. Mwalimu alisema bado. Kikapanda tena. Bado. Kikasimama pale ambapo Mustafa alifikiri hakuna binadamu anaweza kuketi ila kwa ngazi. Mwalimu Sifuna akapanda, akazunguka stendi, akaenda mpaka kwenye kinu cha kusaga na kurudi, akiwa ananyoosha miguu yake mirefu kwa raha. Wakapatana bei bila vita. Mwalimu alikuwa anangoja mshahara. Angekuja kuichukua Jumamosi. Wakapeana mikono, Lazarus akiwa shahidi, na Lazarus akasema, "Imeisha, hakuna maneno tena." Mkono uliopeanwa namna ile, mbele ya mtu, haurudi nyuma.

Mwalimu akaenda zake. Mustafa akamgeukia Lazarus. "Nishushie kiti, niende nyumbani."

Lakini Lazarus alikuwa ameshaanza kuziba pancha ya mtu mwingine, mikono imejaa gundi. "Ushushiwe kwa nini? Ni ya mwalimu sasa. Jumamosi nipandishe tena? Enda nayo tu hivyo, ni siku chache."

Mustafa alikasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika. Mtu ameuza jina lake, hata kushushiwa kiti ananyimwa. Alijitupa juu ya baiskeli kama anayepanda ngamia, akayumba, nusura amgonge mbuzi, akashika njia ya nyumbani akiwa ananing'inia huko juu, hana ardhi ya kugusa, akijiona kichekesho. Alisonya njia nzima. Alimsonya Lazarus, akamsonya mwalimu na urefu wake, akamsonya hata mbuzi.

Alikuwa bado anasonya alipofika mtoni, na alikuwa bado anasonya alipofika juu ya kilima.

Akafunga breki. Aligeuka kutazama nyuma. Kilima kilikuwa pale, vilevile, kimelala na mawe yake. Alikuwa amekipanda. Alikaa akingoja kichomi kije, kama mtu anayengoja mtoto aliyeanguka avute pumzi alie. Hakikuja. Alilibonyeza goti. Likanyamaza.

"Hapana," alijiambia. "Ni hasira. Hasira inafunikanga maumivu."

Akageuza baiskeli, akateremka mpaka mtoni, akaanza kupanda upya, safari hii bila hasira, akilisikiliza goti kama anavyosikilizwa mtoto mchanga usiku. Alikanyaga kwa nguvu. Aliona jinsi mguu ulivyokuwa ukishuka mpaka ukakaribia kunyooka, kisigino kikifuata pedali hadi chini, na paja lote likifanya kazi. Zamani goti lilikuwa linapanda hadi kifuani na kuanza kusukuma likiwa limekunjwa kama wembe wa kinyozi. Maneno ya Sista Jeruto yakamrudia yote kwa pamoja. Tafuta namna ya kufanya kazi usilikunje sana. Alikuwa amemwambia! Yeye akasikia: acha kazi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Cha Mustafa kilikuwa karibu zaidi, kilikuwa chini ya makalio yake.

Alipanda kile kilima tena na tena mpaka wanawake waliokuwa wakiteka maji wakaanza kuulizana kama Mustafa wa baiskeli amerukwa na akili. Alipofika nyumbani alimwita Hadijah nje kwa kelele, Hadijah akatoka mbio akidhani kuna msiba. Alimkuta mumewe katikati ya ua anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, huku analia na kucheka. Akasimulia. Hadijah alisikiliza, akaiendea baiskeli, akaweka mkono juu ya kile kiti kirefu, akatikisa kichwa.

"Chuma kidogo hivi," alisema. "Alhamdulillah." Kisha akasema, "Na mwalimu?"

Furaha ikakatika palepale. Mustafa alikuwa amesahau. Baiskeli iliyomponya haikuwa yake.

Usiku huo na siku iliyofuata alikuwa mtu wa ajabu, mzima kuliko alivyopata kuwa kwa miezi mingi na mwenye huzuni kuliko alipokuwa mgonjwa. Mzee Abu, ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea, alimshauri amwambie mwalimu kwamba baiskeli imeibwa. Mwingine akasema amdai bei ya juu mpaka achoke mwenyewe. Mustafa aliwakatalia wote. Alikuwa ameswali msikiti ule tangu utoto, na alijua neno alilolitoa mbele ya shahidi litamsubiri mahali fulani.

"Usingoje Jumamosi," Hadijah alimwambia. "Nenda ukamwambie ukweli. Akisema bado anaitaka, utampa, na tutaanza upya. Wewe ukiwa mzima, tutaanza upya."

Akaenda. Alimkuta Mwalimu Sifuna uwanjani, darasa lake likifanya mazoezi ya viungo. Wakasalimiana. Mustafa hakuzunguka mbuyu. Alieleza yote, kiti cha adabu, Kulthum na mayai, zahanati, kilima, na aibu ya msikitini pia, kitu ambacho hakuwa amepanga kukisema. Mwalimu alimsikiliza, uso wake ukizidi kukunjamana.

"Bwana Mustafa," alisema mwishowe, "nimewaambia watu nyumbani kwamba nina baiskeli. Nimeshaacha hata kuamka alfajiri kichwani mwangu. Tulipeana mkono."

"Ndio, mwalimu. Tulipeana."

"Na nikisema naitaka?"

Mustafa akaiegemeza baiskeli kwenye mguu wa mwalimu, akaachia usukani. "Basi ni yako. Sikuja kuvunja neno. Nilikuja kuomba, na kuomba si lazima upewe."

Mwalimu Sifuna aliushika usukani. Watoto waliacha mazoezi wakatega masikio, na hakuna aliyewakemea. Mustafa hakuthubutu kuitazama baiskeli. Aliutazama mpira wa matambara uliokuwa umelala nyasini.

"Umesema hukuweza kuinuka kutoka sijida?" mwalimu aliuliza.

"Nilibaki chini, mwalimu. Safu nzima ikisimama."

"Na sasa?"

Mustafa alipiga magoti pale nyasini, yote mawili, akainamisha paji la uso mpaka chini, kisha akainuka moja kwa moja bila kushika kitu chochote, mikono yake ikining'inia pembeni. Watoto walipiga makofi. Walidhani ni zoezi jipya.

Mwalimu alicheka licha ya kukasirika kwake, na baada ya kucheka hakuweza kukasirika tena vizuri. Akausukuma usukani ukarudi mikononi mwa Mustafa. "Chukua. Nikiichukua, kila nikipanda nitakuona wewe umeketi kwenye kile kiti chako cha nyuma msikitini. Lakini mpaka nipate nyingine, mimi sitembei tena. Umesikia? Utanipitia."

"Kila asubuhi, mwalimu! Kila asubuhi!" Mustafa alisema. Alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili na kuutikisa mpaka mwalimu akamwomba amrudishie.

Stendi walimsumbua kidogo mwanzoni, kwa sababu ya kiti kile. Wanawake walimtazama miguu, wakatazamana wao kwa wao, wakaenda kwa wengine. Mustafa hakukishusha tena. Alijifunza kuteleza mbele ya kiti na kusimama kwa miguu yote miwili kabla abiria hajashuka, na kwa jinsi alivyokuwa akimpeleka mwalimu kila siku salama, tena mwalimu mwenyewe ni mzigo wa miguu inayoburuzika ardhini, watu wakaona, wakarudi mmoja mmoja. Mazoezi ya Sista Jeruto aliyaendeleza barazani, asubuhi na jioni. Kile kiti cha msikitini alikirudisha mwenyewe stoo.

Mwezi ulipoisha, mwalimu alikuwa bado hajanunua baiskeli, na sidhani kama alikuwa ana haraka. Asubuhi moja yenye umande walikuwa wakipanda kilima cha mtoni. Mustafa alikuwa anasimulia kisa kirefu cha harusi moja ya Matungu, nani alikula nini na nani alinyimwa, anasimulia bila kuishiwa na pumzi, anageuza kichwa kuhakikisha mwalimu anacheka mahali panapostahili. Walipofika juu, mwalimu alimgusa begani.

"Bwana Mustafa, na goti je? Linaendeleaje?"

"Goti gani?" Mustafa aliuliza, akaendelea na harusi.